Kompyuta ya Gemu Katika Barabara ya Binza

Barabara itokayo Mwanza kwenda Simiyu inapita Kisesa na Magu, inafuata upande wa Ziwa Victoria hadi Lamadi, kisha inaachana na njia ya Musoma na kugeukia Bariadi. Kuanzia hapo hadi Maswa nchi inafunguka: mashamba ya pamba, malisho ya ng'ombe, miamba michache, na nguzo za umeme zinazoiandama lami. Binza ni kata ya wilaya ya Maswa, na ukiitazama kwa macho ya mfanyabiashara wa vifaa vya elektroniki utaona kwamba iko mbali kuliko ramani inavyosema. Mzigo unaoshuka bandarini Dar es Salaam hupita mikononi mwa wengi kabla ya kufika huku, na kila mkono huongeza chake. Kwa hiyo kijana wa Binza anayetafuta kompyuta ya mezani ya bei nafuu, apate kucheza gemu mtandaoni, ana hesabu yake tofauti na ya mwenzake wa Kariakoo. Ushauri unaosambaa unamwambia aanze na kadi ya grafiki, vingine vyote vijengwe kuizunguka kadi hiyo. Nimesafiri njia hii nikiupima ushauri huo dhidi ya mazingira yenyewe, na nimeona umepangwa kinyume. Huku mchezo huharibiwa na umeme wa ukutani na umbali wa seva kabla haujaharibiwa na udhaifu wa mashine. Inayofaa ni kompyuta ya ofisi iliyotumika, yenye kasha kubwa la kusimama, na fedha inayookolewa itangulie kwenye umeme na mtandao. Kadi isubiri zamu yake.

Umbali kwanza, maana huo hauna mjadala. Taarifa husafiri ndani ya nyuzi za kioo kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, ambayo ni sawa na kusema kila kilomita 1,000 za waya zinaongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Mchezaji wa Dota 2 au Counter-Strike 2 aliyeko Maswa anaangukia seva za Johannesburg au Dubai. Ujumbe wake unatoka kwenye mnara wa simu, unapita Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hadi Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 1,000, kisha unazama baharini kwenye nyaya kama SEACOM, iliyoanza kazi mwaka 2009, au EASSy iliyoifuata mwaka 2010. Njia nzima hadi Johannesburg ni kilomita elfu nne na ushei, hivyo milisekunde 40 na zaidi zimekwisha liwa kabla mtandao wa simu haujaongeza zake. Gemu ambayo seva zake ziko Ulaya tu humpa pingi, yaani muda huo wa kwenda na kurudi kwa milisekunde, inayozidi 100 hata siku njema. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa wakati mmoja, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana, na aliyekuwa na mashine ya mamilioni hakucheza zaidi ya mwenye mashine ya kuokoteza.

Linganisha sasa na kinachouzwa kwa jina la kasi. Monita ya kawaida huonyesha picha 60 kwa sekunde, kila picha ikikaa milisekunde 16.7. Monita ya hertz 144 huishusha hadi takriban 7. Tofauti ni milisekunde 10, sawasawa na kilomita 1,000 za waya, na ili kuipata unahitaji pia kadi yenye nguvu ya kuzalisha picha zote hizo. Mchezaji hodari atanijibu kwamba ulaini wa picha unamsaidia kulenga hata pingi ikiwa kubwa. Ni kweli, na kwa anayeshindana akiwa jirani na seva ningemshauri anunue. Lakini kwa anayecheza kupitia mnara wa simu, adui mbaya kuliko pingi kubwa ni pingi isiyotulia: sasa 70, sekunde inayofuata 220, halafu adui anaonekana kuruka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Dawa ya hilo ni ya bei ndogo. Pima laini za mitandao yote ndani ya chumba kilekile utakachochezea, saa za jioni ambapo watu wengi wako mtandaoni, kabla ya kununua ruta. Iweke ruta dirishani upande wa mnara, kisha vuta waya hadi kwenye kompyuta badala ya kutegemea waifai ipenye ukuta wa tofali na bati. Gemu zenyewe huonyesha pingi ya kila seva kwenye mipangilio yake, kwa hiyo matokeo ya kila badiliko utayasoma mwenyewe.

Umeme ndio unaonifanya niwe mgumu zaidi katika hoja hii. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa TANESCO wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayovuka hapo ni shilingi 350. Chukua nyumba inayotumia uniti 30 kwa taa, simu, redio na televisheni. Kompyuta ya ofisi iliyoongezewa kadi ndogo, pamoja na monita yake, hula kama wati 160 ikiwa katikati ya mchezo. Saa nne kila siku kwa mwezi ni uniti 19. Nyumba inafika uniti 49, bili inakuwa shilingi 4,900. Mashine ya kisasa inayovuta wati 500 kwa saa hizohizo inahitaji uniti 60. Nyumba inafika 90, inavuka mstari, na bili inapanda hadi shilingi 12,750. Mwenye nyumba akiendelea hivyo anaweza kuhamishiwa daraja la T1, ambako uniti zote ni shilingi 292, na hapo uniti zake 90 zitamgharimu zaidi ya shilingi 26,000 kabla ya kodi. Wanaouza kadi kubwa hawazungumzii mita ya LUKU. Kadi ya RTX 3080, iliyotoka mwaka 2020 na leo inauzwa iliyotumika kwa bei ya kutamanisha, imepangiwa wati 320 peke yake. Kwenye nyumba ya D1, punguzo lile dukani linarudi kulipwa kidogo kidogo kwenye tokeni.

Halafu kuna kukatika na kuyumba. Kanda ya Ziwa ina radi nyingi za msimu wa mvua, na umeme unaorudi baada ya kukatika mara nyingi hurudi kwa kishindo. Kompyuta ya mezani haina betri. UPS, yaani kifaa cha betri ya akiba, ya VA 650 inabeba wati 350 hivi, kwa hiyo inaimudu kwa raha mashine ya wati 160 na kuipa dakika kadhaa za kumaliza raundi na kuzima kwa utaratibu. Mashine ya wati 500 itaizidi nguvu papo hapo, na UPS inayoiweza ina bei ya kompyuta nyingine. Kununua kadi kabla ya UPS ni kuiweka kadi yenyewe rehani. Ruta nayo isisahauliwe: ile isiyo na betri ichomekwe kwenye UPS hiyohiyo, la sivyo mashine itabaki inawaka huku mchezo umekwisha.

Sasa mashine yenyewe. Kampuni na ofisi za Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba hubadilisha kompyuta zao baada ya miaka michache, na zile za zamani husafirishwa kwa makontena. Ndizo Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, na Lenovo ThinkCentre zinazojaa madukani Dar es Salaam na kufika Mwanza, Shinyanga na Bariadi. Zilijengwa ziwake kutwa nzima kwa miaka, vipuri vyake vinafanana, na fundi wa stationery ya Maswa anayejua kuifungua moja anazijua zote. Mkulima wa Simiyu hutenganisha pamba safi na pamba fifi kabla ya kupeleka kwenye mizani ya AMCOS. Kompyuta za mtumba nazo zinataka uchambuzi wa namna hiyo, maana kwenye rafu zote huonekana sawa. Kitu cha kwanza kutazama ni kasha. Wauzaji husifu lile jembamba kwa sababu linakaa vizuri mezani, lakini linakubali kadi fupi za nusu kimo tu, na hizo ni adimu na ghali. Lile kubwa la kusimama linapokea kadi ya kawaida na lina nafasi ya hewa kupita, jambo lisilo dogo kwenye kiangazi chenye vumbi la barabara na nyuzi za pamba zinazopeperuka karibu na vinu. Kisha RAM: GB 8 katika vipande viwili vya GB 4 hufanya kazi vizuri kuliko kipande kimoja cha GB 8, hasa pale grafiki iliyomo ndani ya prosesa inapotegemea RAM hiyohiyo, ingawa lengo liwe GB 16. Kisha SSD badala ya diski ngumu ya kuzunguka. Mwisho, washa mashine mbele ya muuzaji na uingie kwenye BIOS. Kompyuta nyingi za ofisi zimeachwa na nywila za kampuni zilizozimiliki, na mashine ambayo BIOS yake imefungwa itakukwamisha siku utakapohitaji kubadilisha mpangilio wowote wa ndani.

Kuhusu nguvu, masharti ya gemu zenyewe ndiyo ushahidi mwema kuliko maneno ya dukani. Dota 2 inaomba prosesa yenye viini viwili na RAM ya GB 4. Valorant inakubali kuanza na grafiki ya Intel HD 4000 ya mwaka 2012, na kwa picha 60 kwa sekunde inapendekeza Core i3-4150 na kadi ya GT 730. Counter-Strike 2 ndiyo nzito zaidi kati ya hizi: RAM ya GB 8, kadi yenye angalau GB 1 ya kumbukumbu na nafasi ya GB 85. Hizi ni gemu za bure zinazochezwa na mamilioni, na zimetengenezwa kwa makusudi zifunguke kwenye mashine za kawaida, kwa sababu mapato yake hutokana na wingi wa wachezaji. Zile zinazodai kadi ya wati 300 kwa sehemu kubwa ni gemu za hadithi za kuchezwa peke yako, na huo ni ununuzi mwingine kabisa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la Windows. Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Gemu za Riot, Valorant ikiwemo, huikagua TPM hiyo zikiwa kwenye Windows 11. OptiPlex 9020 au EliteDesk 800 G1 zenye kizazi cha nne, ambazo ndizo rahisi kuliko zote sokoni, ziko upande mbaya wa mstari huo. Hapa sioni sababu ya kumtetea mnunuzi wa bei ya chini kabisa. Aliye na uwezo wa kungoja mwezi mmoja au miwili angoje, apate OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4 za mwaka 2018, zenye Core i5-8500 ya viini sita na wati 65. Grafiki iliyomo ndani yake inaicheza Valorant na Dota 2 kwa mpangilio wa chini bila kadi yoyote. Kwa Counter-Strike 2 itahema. Asiyeweza kungoja achukue ya kizazi cha nne akijua kwamba Linux itampa Dota 2 na Counter-Strike 2, wala haitampa Valorant, League of Legends wala Fortnite.

Kadi, ikifika zamu yake, ichaguliwe kwa wati. Tundu la kadi kwenye ubao mama hutoa hadi wati 75, na pawasaplai za kompyuta hizi ni za wati 200 hadi 300 hivi, mara nyingi bila waya wa ziada wa kulisha kadi. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 zimepangiwa wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji waya huo. Zinatosha kuifikisha Valorant kwenye picha 144 kwa sekunde, na hilo ni pendekezo la Riot yenyewe kwa 1050 Ti. Tahadhari moja ni ya lazima: sokoni kuna kadi za zamani zilizoandikiwa upya programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huzifichua, basi iwe kwenye flashi kabla ya kuingia dukani, na muuzaji anayekataa isiwashwe amekwisha jibu swali lako.

Wapo watakaosema simu inatosha, na kwa PUBG Mobile au Free Fire inatosha kweli. Wengine watapendekeza laptop kwa sababu ya betri. Laptop yenye kadi ya kuaminika ina bei mara kadhaa ya mashine ninayoitetea. Betri yake katika gemu hudumu muda mfupi, na joto lake kwenye vumbi huizeesha haraka. Koni ya PlayStation ina raha yake, na vibanda vyake vimejaa kila mji wa Simiyu, lakini gemu zake nyingi hununuliwa, na zile za kulipia hudai pia uanachama wa malipo ili kucheza mtandaoni. Kompyuta ya mezani ina jambo ambalo vifaa hivyo havina: mchana inachapa barua, inajaza maombi ya mkopo wa HESLB na nafasi za Ajira Portal, inaskani vyeti. Kata yenye shule za sekondari haikosi wateja wa kazi hizo, na mzazi anayesita kutoa fedha ya pamba kwa ajili ya mchezo ana haki ya kusikia jinsi mashine hiyohiyo itakavyorudisha sehemu ya gharama yake.

Ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, na fedha za kaya nyingi hupatikana kati ya hapo na Agosti. Utaratibu wa kununua kwa hatua unaendana na msimu huo kuliko mkopo wa vikoba wenye riba: mashine na UPS mwaka huu, SSD kubwa na RAM ya pili zikifuata, kadi msimu ujao. Kadi za zamani hushuka bei kila kizazi kipya kinapotoka, kwa hiyo kungoja huku kuna faida. Mzigo wa bando nao una dawa yake. Saa moja ya mechi hula makumi ya megabaiti au mamia machache, ilhali kupakua Counter-Strike 2 ni makumi ya gigabaiti. Pakua mara moja Mwanza au Shinyanga penye faiba, beba kwenye diski ya nje. Tangu mwaka 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kunakiliana gemu bila kugusa bando.

Uwezo huo wa kuunganisha mashine za ndani ndio unaonipa sababu ya mwisho ya kupendelea mashine nafuu, na sababu hii inaigusa Usukumani kuliko kwingine. Kwa zaidi ya karne, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana mbele ya umati baada ya mavuno, kila upande ukijiandaa kwa ubunifu na vifaa ili kuvuta watazamaji. Anayedai kwamba mchezo wa ushindani ni anasa ya kigeni isiyo na nafasi kwa mkulima anaisahau historia hiyo, na makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, yanaihifadhi kwa yeyote anayetaka kuiona. Fedha ya kompyuta moja ya kisasa ya gemu hununua mbili au tatu za ofisi. Zikiunganishwa kwa swichi ndogo na nyaya ndani ya chumba kimoja, pingi kati yake ni milisekunde moja au chini yake, na Johannesburg haihusiki tena. Minecraft inakubali kuchezwa hivyo, Counter-Strike za zamani na Warcraft III pia, na Call of Duty 4 ya mwaka 2007 inakimbia vizuri hata kwenye grafiki ya ndani. Kundi la vijana watatu wa Binza wanaochangia linaweza kuanza na mashine mbili na swichi ya milango mitano, likawafundisha wengine na kuandaa mashindano hata wiki ambazo waya wa baharini umekatika, kisha likaenda mtandaoni na wachezaji waliokwisha pikwa nyumbani. Kwa kundi la namna hiyo ningeanza na OptiPlex mbili za kasha kubwa, UPS moja kwa kila mashine, na mita kumi za waya wa mtandao.